Bahari ya Madumu Kumi

Karani wa mizigo alimuuliza shemeji yangu mara mbili. "Ndani ya madumu kuna nini?" Maji. "Yanakwenda wapi?" Kigoma. Yule baba akaweka kalamu chini, akamtazama shemeji kama anavyotazamwa mgonjwa. Kigoma! Mji uliojilaza kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, leo watu wake wanaagiza maji Dar es Salaam? Shemeji anasema waliitwa hadi wapagazi waje washuhudie. Mmoja akafungua kifuniko akanusa, mwingine akachovya kidole, akalamba, akatema. "Ni ya chumvi kweli!" Hapo ndipo mzigo ukapata stakabadhi.

Madumu yalikuwa kumi, ya lita ishirini ishirini, yamejazwa Kigamboni bahari ikiwa imejaa, mbali na mitaro. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo imetushushia saruji, vitenge, wageni na wake wa watu. Sidhani kama iliwahi kutushushia bahari. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Gharama ya yale maji, ukijumlisha bodaboda ya kule, treni, na mkokoteni wa huku hadi kwangu Mwanga, ilikaribia kunikosanisha na mama watoto.

Kosa ni langu. Mimi ni fundi wa mafriji, na nilikuwa nimekwenda Kariakoo kufuata kompresa. Shemeji akaniambia kuna mteja wake anahama nchi, anauza kila kitu, njoo uangalie jokofu. Jokofu lilikuwa bovu. Pembeni yake kulikuwa na tangi la kioo la futi nne, na ndani samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mstari mweupe mmoja mgongoni, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Ni wale wanaoishi ndani ya anemoni, ule mnyama wa baharini anayefanana na ua na anayechoma kama upupu. Samaki hao ni wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, wala si wa sinema. Nilisimama pale hadi chai ikapoa. Jioni nikawa nimenunua tangi, mawe yake, samaki wawili, konokono sita na kaa mmoja mwenye hasira.

Kuwasafirisha sikupata shida, maana kazi yangu ni kutunza ubaridi na joto. Boksi la kuhifadhia joto, mifuko miwili miwili, pampu ndogo ya hewa ya betri, na macho yasiyolala ndani ya basi. Walifika wote. Kaa alifika na hasira zake.

Majirani walikuja kuona. Mzee mmoja wa Ujiji alikaa kwenye kiti mbele ya kioo, akatazama muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: "Fundi, hawa wa ziwani wamekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Wazungu wanasafirishiwa samaki wa ziwa letu kwa ndege hadi Ulaya ili wawaweke sebuleni, mimi niliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni naagiza wa baharini. Nilimwongezea chai.

Shida ilianza mwezi wa tatu. Vioo vilipata ukungu wa kahawia, mawe yakaota manyoya ya kijani, na kila nikikwangua asubuhi, jioni yamerudi. Samaki ukimlisha, anakula, anatoa. Kinachotoka kwake kinakuwa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mawe wanaigeuza kuwa naitraiti, nayo sumu, kisha naitreti, ambayo makali yake yamepungua. Hapo safari inaishia. Naitreti haina pa kwenda. Pamoja na fosfeti inayotoka kwenye chakula, inajikusanya siku baada ya siku, na kwa mwani, yaani yale manyoya ya kijani, ni mbolea kamili. Nilipopima kwa vile vichupa vya matone, naitreti ilikuwa miligramu 80 kwa lita. Bahari yenyewe, kwenye matumbawe, haifiki hata 1.

Dawa ambayo kila mfugaji wa Dar atakuambia ni kubadilisha maji. Toa robo, weka robo mpya. Kwa mtu wa Kigamboni hiyo ni ndoo mbili na matembezi ya jioni. Kwa mtu wa Mwanga, Kigoma, ni karani, treni, mkokoteni na kesi nyumbani. Yale madumu kumi ya mwanzo yalijaza tangi. Nilipiga hesabu ya madumu mawili na nusu kila wiki mbili, nikaifuta hesabu kabla mama watoto hajaiona.

Wazo lililofuata lilikuwa la kishujaa: Uvinza. Mkoa wetu una chumvi yake, inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameichemsha pale tangu zamani mno, kabla hata ya misafara ya pembe haijapita. Kwa nini niagize bahari wakati chumvi iko hapahapa mkoani? Nikanunua kilo kumi. Namshukuru Mungu nilisoma kabla ya kumimina. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na kati ya hizo, sodiamu na kloraidi, yaani chumvi ya mezani, ni kama asilimia 85. Ile asilimia 15 inayobaki ndiyo yenye magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti na vikorombwezo vingine. Konokono anajengea gamba lake kalsiamu, si chumvi ya ugali. Zile kilo kumi tulizitumia kukaushia kuhe na mgebuka, na bado zipo.

Sasa nije kwenye mawe ya Bangwe. Jumapili moja nilikwenda huko na wanangu kuoga. Kama umekulia ziwani unajua mahali pa kutokanyaga: jiwe lililo pale mawimbi yanapovunjikia. Lina zulia la ukoga, fupi, la kijani, linateleza kama sabuni. Jiwe hilohilo ukishuka chini mita chache, kwenye maji tulivu, ukoga wake ni mwembamba. Nilikuwa naona hivyo tangu utoto bila kujiuliza. Siku ile, kwa sababu kichwani nilikuwa na ukoga tu mwezi mzima, nikajiuliza. Jua lipo kote, maji ni yaleyale. Kinachozidi pale juu ni purukushani. Maji yakitulia, tabaka jembamba linalogusa mwani linabaki palepale, mwani unanyonya chakula chote kilichomo na kusubiri kingine kije polepole. Wimbi linalirarua lile tabaka na kuleta jipya kila sekunde. Na maji ya Ziwa Tanganyika ni meupe hadi unaona mawe mita nyingi chini. Ukoga uko kwenye jiwe, hauko kwenye maji.

Niliporudi nikasoma, nikakuta kuna aliyenitangulia kwa miaka arobaini na ushee. Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian kule Marekani, alichunguza mwani mfupi unaoota juu ya miamba ya matumbawe huko Karibiani, akaona kwamba ndio unaofanya kazi kubwa ya kunyonya uchafu wa mwamba mzima. Akatengeneza tangi lenye wavu mpana chini ya taa kali, na ndoo inayojaa maji na kujipindua juu yake ili kuiga wimbi. Hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitoka mwaka 1982. Baadaye mafundi wa majumbani wakarahisisha: badala ya ndoo, maporomoko. Wavu unaning'inizwa wima, maji yanashuka juu yake kama pazia, taa inaupiga. Mwani unaota kwenye wavu, unakwangua, unatupa. Kwa hiyo yale manyoya niliyokuwa napigana nayo kila asubuhi hayakuwa na kosa, yalikuwa yamekosa kwao.

Nikaanza kutafuta vifaa hapahapa mjini.

Wavu wa kwanza ulikuwa kipande cha wavu wa dagaa nilichopewa Kibirizi. Ni bure, ni mwepesi, na ni kosa. Uzi wake ni laini, mwani unashika juujuu na siku ya tano unateremka wote kama soksi iliyolegea. Wavu unaotakiwa ni wa plastiki ngumu. Nikapata ule wa kuzungushia vifaranga, wenye matundu madogo, nikaukwaruza pande zote mbili kwa meno ya msumeno wa chuma hadi ukawa unachoma mkononi kama ganda la nanasi. Usiuonee huruma. Mikwaruzo hiyo ndiyo mizizi ya mwani, maana mwani wenyewe hauna mizizi.

Bomba ni la plastiki, la robo tatu, lile la kawaida la maji. Nililipasua kwa urefu, ufa wa milimita tatu hivi, nikachomeka ukingo wa wavu ndani ya ufa na kuubana kwa vibanio vya nyaya. Pampu iko ndani ya tangi, inapandisha maji hadi kwenye bomba, maji yanatoka kwenye ufa na kushuka pande zote mbili za wavu. Kipimo cha maji ni kama lita 50 kwa saa kwa kila sentimita moja ya upana wa wavu. Wavu wangu una upana wa sentimita 15, kwa hiyo nahitaji lita 750 kwa saa. Pampu imeandikwa 1,000, lakini maandishi hayo ni ya pampu iliyolala chini. Ukishaipandishia maji futi mbili inabaki na kiasi chake. Pima kwa ndoo na saa ya simu.

Nyumba ya wavu ni mojawapo ya yale madumu kumi. Nililikata juu, nikalitoboa chini na kuweka bomba pana la kurudishia maji kwenye tangi kwa mteremko, kisha nikakata madirisha mawili ubavuni na kuyaziba kwa vioo vya rafu za friji zilizokufa. Kama karakana yangu ina kitu kisichokwisha, ni rafu za friji zilizokufa. Taa zinakaa nje ya vioo, haziguswi na maji.

Hapa niseme kama fundi umeme, si kama mfuga samaki. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji ya bomba, na chumvi inatambaa. Tone likirukia waya linakauka, linaacha unga mweupe, unga unanyonya unyevu, kesho umefika kwenye soketi. Nyaya zote ziachie zining'inie chini kuliko soketi kabla hazijapanda, ili tone likiteleza lidondoke chini badala ya kuingia. Na weka breka inayokata umeme ukivuja. Bei yake ni ndogo kuliko sanda.

Mwanzo nilitumia balbu za mwanga wa njano za sebuleni, na zilifaa. Watu hudhani balbu nyeupe kali ndiyo bora kwa mmea, lakini klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea inayonasa mwanga, inapenda zaidi mwekundu na bluu, na balbu ya njano ina wekundu mwingi kuliko ile nyeupe ya hospitali. Baadaye nikaagiza taa nyekundu za nanomita 660, mbili, wati kumi kila moja. Zinawaka usiku, taa ya tangi ikiwa imezimwa. Samaki na mawe usiku vinapumua tu, vinajaza maji hewa ya kaboni na kuyashusha kuelekea uchachu. Mwani unaofanya kazi usiku unaichukua hewa hiyo na kurudisha oksijeni. Sikuhesabu jambo moja. Dirisha la sebule yangu linatazama barabara. Baada ya wiki, vijana wawili walibisha hodi saa nne za usiku wakiuliza bia inauzwaje. Mama watoto akashona pazia zito.

Sasa kosa langu kubwa. Wavu wa kwanza wa plastiki niliukata sentimita 20 kwa 25, nikifikiri mkubwa ndio bora. Ukaota utandu wa njano, mwembamba, unaonata kama gundi, na naitreti haikusogea. Wavu haupimwi kwa ukubwa wa tangi. Unapimwa kwa chakula. Kipimo cha mafundi ni kama sentimita 77 za mraba, zenye taa pande zote mbili, kwa kila kijitofali kimoja cha chakula kilichogandishwa unachotia kwa siku. Mimi nawapa samaki dagaa wabichi waliokatwakatwa, na chembe za dukani kidogo, jumla yake kama vijitofali viwili. (Dagaa wa Kigoma ni ukoo mmoja na simu wa pwani, mababu zao walitoka baharini. Kwa hiyo samaki wangu wanakula binamu waliohamia bara zamani.) Nikakata wavu mpya wa 15 kwa 12. Wiki ya kwanza ukapata vumbi la kahawia, yaani diatomu, mwani wa chembe ndogo sana, kama kila mara. Wiki ya pili madoa meusi. Wiki ya tatu nikaamka nikakuta kijani. Kijani cha mchicha, chenye vipovu vya hewa vinavyometameta. Nikamwita mama watoto. Akatazama, akasema, "Kumbe ulikuwa unatafuta ukoga? Si ungeniambia, uko nyuma ya pipa la maji."

Tangu hapo kazi ni kuvuna. Kila siku saba hadi kumi natoa wavu, naupeleka kwenye karo, nakwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Sikwangui yote, naacha zulia fupi ili kazi isisimame. Nausuuza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa sababu kuna vidudu vidogo vya maji ya chumvi vinavyoishi humo na kuutafuna mwani, na maji baridi vinakufa navyo. Ukichelewa wiki tatu, mwani unakuwa mnene, wa ndani unakosa mwanga, unaoza shinani, unang'oka na kurudisha tangini kila ulichokuwa umetoa. Nililipata hilo nilipokwenda msibani Kasulu.

Mavuno ya kwanza nilimpa mama watoto kwa bustani yake. Nilisahau kuyasuuza. Mchicha ulilala siku mbili baadaye, wote, kama jeshi lililopigwa. Siku hizi nayasuuza mara tatu na kuyapeleka kwenye shimo la mboji, na bustani siisogelei bila ruhusa.

Ajali nyingine ilitokea kwenye ule ufa wa bomba. Taa ilikuwa inaupiga, na palipo na taa, maji na mbolea, mwani hauombi kibali. Ukaota ndani ya ufa, ukaziba upande mmoja, maji yakajikusanya upande wa pili, yakaruka ukingo wa dumu. Niliamshwa alfajiri na sauti ya mtoto: "Baba, bahari imemwagika." Lita kama kumi na tano, maji yaliyosafiri kilomita 1,200, yameishia kwenye zulia la sebuleni. Ndiyo siku niliyofunika bomba lote kwa utepe mweusi, ukabaki wavu tu kwenye mwanga. Unapovuna, pitisha kisu kwenye ufa hata kama unauona msafi.

Maji yanayopotea kwa mvuke nayo yana somo lake. Mvuke unaondoka na maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji baridi na si ya chumvi. Ya ziwani yana madini mengi, ukiyaongeza mwaka mzima yanajikusanya. Natumia ya mvua, ya bati, baada ya mvua kubwa mbili za mwanzo kuosha paa. Kiangazi, kuanzia Juni, mapipa yakikauka nanunua maji ya betri, na kila mara namwambia muuzaji maji, si asidi, kisha namwambia tena. Kuna aliyenishauri yale yanayodondoka kwenye viyoyozi ninavyotengeneza. Yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu inaua konokono na kaa. Yule kaa ana hasira, lakini ni wetu.

Umeme ukikatika, pampu inasimama na wavu unaanza kukauka. Ukikatika saa mbili si kitu. Usiku mmoja ulikatika hadi asubuhi, na mimi nikawa naunyunyizia wavu maji ya tangi kwa chupa ya kupigia pasi, kila nusu saa, kama namwagilia kitalu. Sasa pampu iko kwenye betri ya pikipiki na inverta ndogo.

Naitreti ilishuka hadi 40 mwezi wa pili, 10 mwezi wa nne. Leo ninapoandika ni 5. Vioo navifuta mara moja kwa wiki badala ya mara mbili kwa siku, na mawe yameanza kuota zile rangi za zambarau ngumu, ambazo nazo ni mwani, wa aina inayojijengea chokaa. Kalsiamu naongeza kwa dawa ya unga, hilo wavu hauwezi. Maji mapya sijatia kwa miezi kumi na moja.

Wiki iliyopita shemeji alipiga simu. Alikuwa anakwenda Kigamboni, akauliza kama anichotee. Nikamwambia hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi nimrudishie madumu yake tisa, la kumi anajua nimelikata. Nikamuuliza yarudi matupu? Akacheka. Jumamosi nilikwenda nayo sokoni Mwanga, nikayajaza mawese, yote tisa, na Jumatatu yakapanda treni. Dumu likishaingia mawese haliwezi tena kubeba maji ya samaki, hata ulisugue kwa majivu na mchanga. Karani wa huku aliuliza ndani kuna nini. Nikamwambia mawese, yanakwenda Dar. Akaandika bila kuinua macho.